Mama Gundi na Vigingi Vinne vya Shangazi

Ijumaa, tarehe thelathini ya mwezi huu, saa kumi kamili alasiri, Mama Gundi atafunga mlango wa karakana ya ala za muziki kwa mara ya mwisho na kustaafu rasmi, baada ya kuitumikia shule hii kwa miaka thelathini na moja, miezi minne na siku kadhaa. Karani anasema siku hizo ni tisa. Mama Gundi anasema ni kumi na moja, kwa sababu siku mbili za kwanza alifanya kazi kabla hajaambiwa kwamba ameajiriwa. Tumeshindwa kuwapatanisha, tukaona tuandike "kadhaa".

Kwa kawaida wasifu kama huu huandikwa na mfanyakazi mwenzake. Walimu watatu waliombwa. Wa kwanza alisema ana mitihani ya kusahihisha. Wa pili alisema anamwogopa. Wa tatu akasema sababu zake ni hizo hizo mbili. Kazi ikaangukia kikundi cha muziki, yaani wanafunzi ambao amekuwa akiwafokea kwa karibu kuliko wengine. Tuliagizwa tuandike kurasa chache zenye staha. Kurasa tumezipata.

Mama Gundi alikuja hapa akiwa fundi seremala, kwa wiki tatu tu, kutengeneza madawati arobaini yaliyolegea miguu. Siku ya nne alimwona mwalimu wa muziki wa wakati ule akipita na gitaa lililovunjika shingo, akielekea nalo jalalani. Mama Gundi akamwuliza kama naye akivunjika mguu angependa apelekwe huko huko. Gitaa likabaki. Kesho yake zikaletwa ngoma mbili, keshokutwa kinanda, na madawati yakasubiri mpaka muhula uliofuata. Hakuna aliyekumbuka kumwandikia barua ya cheo kipya. Hadi leo jalada lake ofisini linasomeka "Fundi Samani (wa Muda)". Huyo wa muda amewaaga wakuu wa shule watano, wote wa kudumu.

Karakana yake ni chumba cha hatua sita kwa nne nyuma ya maabara, chenye dirisha moja, meza moja ndefu na harufu ya gundi ambayo humfuata hadi nyumbani na ndiyo iliyompa jina. Ukutani amechora kwa rangi nyeusi umbo la kila kifaa mahali pake, patasi, tupa, randa, bisibisi saba kwa ukubwa wake, ili kifaa kikiondoka kivuli chake kibaki kikidai. Mwaka juzi kivuli cha patasi ndogo kilikaa wazi siku mbili. Siku ya tatu patasi ilirudi yenyewe ndani ya bahasha, pamoja na barua ya kuomba radhi isiyo na jina. Mama Gundi aliisahihisha barua ile kwa kalamu nyekundu, akaibandika mlangoni.

Sheria zake zilikuwa chache. Usiingie na mpira. Usiseme "kimevunjika chenyewe". Hii ya pili ndiyo iliyotutesa. Kaka mmoja wa kidato cha tatu aliwahi kuleta gitaa lililopasuka tumbo, akasema limeanguka lenyewe.

"Lenyewe?" akauliza Mama Gundi.

"Ndiyo, Mama."

"Hukuligusa?"

"Sikuligusa, Mama. Nilikuwa mbali kabisa."

"Basi lirudishe pale pale lilipoanguka, mwanangu. Likishajiangusha lenyewe, lina akili ya kujiinua lenyewe."

Kaka yule alitoka na gitaa lake. Baada ya dakika kumi alirudi na ukweli, ambao ulikuwa na baiskeli ndani yake, na gitaa likapokelewa.

Tuna sababu ya kueleza habari hiyo. Mama Gundi ana daftari, au tuseme madaftari kumi na manne, ambamo ameandika kila kazi aliyoifanya tangu gitaa lile la kwanza. Kila ukurasa una safu tatu alizozipiga kwa rula: Kasoro, Sababu, Dawa. Kwa ajili ya wasifu huu tumeyasoma yote kumi na manne, na tunakiri kwamba hatujawahi kusoma kitabu cha historia kwa hamu namna ile. Ngoma, ngozi imetoboka, sababu, furaha. Filimbi, imeziba, sababu, mate ya ukoo mzima. Gitaa, uzi wa kwanza umekatika, sababu, mapenzi, dawa, uzi mpya na ushauri. Kinanda, vitufe vitatu vimeganda, sababu, biskuti. Tarumbeta, limebonyea, sababu, Makamu amelikalia. Hapo pana alama za mtu aliyejaribu kufuta, na pembeni mwandiko wa Mama Gundi unasema: "Ni wino, Makamu."

Makamu ni makamu wa mkuu wa shule, na ni mtu mwema. Tumeombwa tuliseme hilo, na tungelisema hata bila kuombwa, ingawa pengine si mapema hivi.

Katika madaftari yote hayo, kazi elfu mbili mia tatu na sita mpaka mwanzoni mwa mwezi huu, safu ya Sababu imetaja watoto, wazazi, walimu, mvua, panya, na mara moja askofu mgeni aliyeomba kujaribu ngoma. Neno moja halimo. Hakuna mahali palipoandikwa "fundi". Tulipomwuliza, alisema halikuwahi kuhitajika.

Sasa tumfikie Shangazi.

Shangazi ni dabo besi ya shule, lile gitaa refu kuliko mtu linalopigwa likiwa limesimama wima, lenye nyuzi nne nene na sauti inayosikika zaidi tumboni kuliko masikioni. Hatujui aliyempa jina hilo, lakini hakukosea. Ana nyonga pana. Akiingia mlangoni wengine wote husogea. Hawezi kubebwa na mtu mmoja, hapendi baridi wala joto, na akinyamaza kila mtu anatambua kwamba kuna jambo. Anapigwa na dada wa kidato cha pili tunayemwita Kipisi kwa kimo chake, ambaye humfikia Shangazi kwa kusimama juu ya kreti ya soda.

Maradhi ya Shangazi yalikuwa kichwani. Huko juu, mwisho wa shingo, ndiko viliko vigingi, vile vishikio vyenye masikio ambavyo ukivizungusha, gia ndogo hugeuka, uzi ukakaza au kulegea. Vigingi vya Shangazi vilikuwa vimelika meno. Ulikuwa unaukaza uzi, unakaa sawa kama dakika mbili, halafu gia inateleza kidogo, na sauti inashuka kimya kimya kama mtu anayetoka mkutanoni kabla haujaisha. Kwenye sherehe ya zawadi mwaka jana alianza wimbo wa shule pamoja nasi na kuumaliza mahali pengine kabisa. Mgeni rasmi aliuliza kwa upole kama nyuma ya ukumbi kuna zizi.

Mwanzoni mwa mwezi huu Makamu alibandika orodha ya vitu vitakavyoondolewa shuleni ili kupata nafasi. Viti kumi na vitatu vilivyovunjika. Kabati lisilo na mlango. Baiskeli isiyo na mwenyewe. Namba kumi na sita: "Besi kubwa, moja, haishiki sauti." Lori lingekuja Ijumaa kuchukua vyote.

Mama Gundi aliisoma orodha ile akiwa na kikombe cha chai mkononi. Akakinywa chote hapo hapo akiwa amesimama, akamrudishia mpishi kikombe, akaenda ofisini kwa Mkuu. Tulikuwa nje tukingoja kutia saini kitabu cha wachelewaji, kwa hiyo hatukuchungulia, tulisikia tu.

"Mkuu, hicho cheti mnachoniandalia cha kustaafu, kimeshachapwa?"

"Bado, Mama. Kuna nini?"

"Msikichape. Siwezi kupokea karatasi ya kunisifu kwa kutunza ala wakati ala yenyewe imepandishwa lori na viti."

Mkuu alimwita Makamu. Makamu alisema hana ugomvi na besi, yeye mwenyewe alipiga besi chuoni, na ndiyo maana anajua inapokufa. Mama Gundi akamwambia kwamba anajua pia tarumbeta linavyokufa. Mkuu akakata maneno. Alhamisi, kwenye mkusanyiko wa asubuhi, Shangazi apige wimbo wa shule, beti zote tatu, mbele ya wote. Akishika sauti hadi mwisho, anabaki. Akiteleza, Ijumaa anapanda lori.

Hiyo ilikuwa Jumatatu saa tatu asubuhi.

Vigingi vipya vilikuwapo tayari. Mwanafunzi wa zamani, ambaye siku hizi anapiga muziki kwenye meli za watalii, alikuwa amevituma mwezi uliotangulia ndani ya kopo la maziwa, kila kimoja kimevishwa soksi. Vilikuwa vinne, vya shaba, viwili vya upande wa kushoto wa kichwa na viwili vya kulia. Vya kushoto na vya kulia vinafanana kama mapacha. Kinachovitofautisha ni mahali gia ilipokaa, juu au chini, na soksi, kwa bahati mbaya, zilikuwa za rangi moja.

Jumatatu alimlaza Shangazi chali mezani juu ya magunia, akaanza na matundu. Skrubu za vigingi vya kwanza kabisa, vilivyoondolewa miaka mingi nyuma, zilikuwa zimeacha matundu mapana kuliko zinavyohitaji skrubu mpya, na kichwa kilikuwa kimeshatobolewa mara mbili kabla, na mafundi ambao Mama Gundi anawataja kwa maneno tusiyoweza kuyachapa. Akachonga vijiti vyembamba kutoka kwenye rula ya ubaoni iliyovunjika, mti mgumu mzuri, akavitia gundi, akayaziba navyo matundu, akavikata na kupiga msasa. Kwa hiyo kichwani mwa Shangazi sasa kuna sentimita ishirini na sita za hisabati.

Jumanne gundi ilikauka na sisi tukakatazwa kufunga mlango kwa nguvu. Hata wa maabara. Hata wa choo.

Jumatano ndiyo ilikuwa siku ya kufunga vigingi vyenyewe. Hapa tunataka kueleza jambo alilotufundisha siku hiyo. Besi huwezi kuilegeza nyuzi zote nne kwa pamoja. Ndani ya tumbo lake kuna kijiti kimesimama wima, hakikugundishwa wala kupigiliwa. Kinashikiliwa na uzito wa nyuzi zinazokandamiza kutoka juu. Ukiziachia zote, kijiti kinaanguka, na kukisimamisha tena kupitia tundu la pembeni ni kazi ya wiki na sala. Kwa hiyo unalegeza uzi mmoja, unatoa kigingi kimoja cha zamani, unafunga kipya, unakaza uzi, ndipo unagusa wa pili.

Alitoboa kwa keekee ya mkono, polepole. Kila skrubu aliisugua kwanza kwenye mche wa sabuni ili iingie bila kupasua mti. Alifanya kazi akiwa amesimama upande wa kichwani, Shangazi akiwa amelala chali mbele yake, na ukisimama hivyo, upande ulio kulia kwako unapomtazama Shangazi amesimama unakuwa kushoto kwako. Amesimama hivyo miaka thelathini na moja bila tatizo. Lakini miaka yote hiyo Makamu hakuwahi kuingia katikati ya kazi na karatasi mkononi.

"Mama, samahani. Nahakiki tu vya Ijumaa. Hii besi niiwekee alama ya vema au ya kuuliza?"

"Iwekee alama ya kutoka nje, mdogo wangu."

"Mimi natekeleza wajibu wangu, Mama."

"Na mimi nafanya nini hapa, nasuka nywele?"

Waliendelea hivyo kwa nusu saa. Makamu alieleza umuhimu wa nafasi. Mama Gundi alieleza umuhimu wa kugonga hodi. Habari ya tarumbeta ilirudi, ikajadiliwa upya, na Makamu akatoa hoja ambayo hatukuwahi kuisikia, kwamba tarumbeta ndilo lililokuwa kitini kwake. Muda wote huo mikono ya Mama Gundi haikusimama. Iliokota kigingi, ikakipangusa, ikakifunga, ikakaza uzi, ikaokota kingine. Macho ndiyo yaliyokuwa kwa Makamu. Saa sita vigingi vyote vinne vilikuwa vimekaa, vinang'aa, vimebana, skrubu zote zimezama sawasawa. Makamu akaondoka. Tukamsimamisha Shangazi, Kipisi akapanda kreti yake, akashika kigingi cha uzi mnene ili aupandishe kidogo.

"Mama, unashuka."

"Zungusha vizuri."

"Nazungusha, Mama. Nakaza, unashuka."

"We mtoto, mwaka mzima unapiga besi na hujui kukaza?"

Akaja mwenyewe. Akazungusha kama watu wote wanavyozungusha ili kukaza. Uzi ukashuka. Akajaribu wa pili, wa tatu, wa nne. Akatazama gia, halafu soksi mezani, halafu mlango aliotokea Makamu. Akaketi juu ya ndoo ya gundi.

Alikuwa amevifunga vya kulia kushoto na vya kushoto kulia. Vyote vinne vilishika kama kucha za paka, havikuteleza hata chembe, ila viligeuka kinyume. Ukikaza, vinalegeza. Ukilegeza, vinakaza. Yeye hakuona wakati wa kufunga kwa sababu fundi huzungusha upande wowote unaovuta uzi. Mwenye mazoea ya mkono ni mpigaji.

Tulimwuliza, kwa sauti ndogo, kama vinaweza kubadilishwa. Akasema matundu ya skrubu hayaoani pande zote mbili, kwa hiyo ingebidi kuziba na kutoboa upya, mara ya nne sasa, na kichwa cha Shangazi kingebaki chujio. Isitoshe gundi inataka siku nzima na mkusanyiko ulikuwa kesho asubuhi. Akajaribu njia nyingine, kuupitisha uzi chini ya mhimili wa kigingi badala ya juu, ili mzunguko ugeuke. Uzi ukakwaruza sakafu ya kichwa, ukawa unavuma kama nzi ndani ya kopo. Akaurudisha.

Wakati huo aliingia mume wake na chakula cha mchana, kama anavyofanya kila siku tangu alipoacha ushonaji. Aliangalia nyuso zetu, akaangalia ndoo.

"Kafa nani?"

"Hajafa mtu," Mama Gundi akasema. "Weka hapo."

Hapa inafaa kutaja kwamba mzee huyu alikwenda kwa Mkuu mwezi uliopita, kwa siri, kuomba mkewe aongezewe miaka miwili. Alieleza kwamba nyumbani kuna milango sita na yote inafunga vizuri, na anahofia itakuwaje akipata muda nayo. Mkuu alimpa pole na chai.

Mama Gundi alikula nusu ya chakula, nusu nyingine akampa Kipisi. Halafu akasema jambo ambalo hatukulitegemea kutoka kwa mtu ambaye huwaita watu wajinga kwa kufungua kopo la rangi kwa bisibisi.

"Mti hauwezi kujifunza tena, umezeeka. Wewe bado. Panda kreti."

Kuanzia hapo hadi kengele ya mwisho Kipisi alikuwa juu ya kreti. Mama Gundi aliulegeza uzi, akamwambia aupate. Kipisi akazungusha upande aliouzoea, uzi ukalegea zaidi, Mama Gundi akagonga meza kwa nyundo ya mbao. Tena. Tena. Mara ya kumi Kipisi alilia kidogo. Mama Gundi akampa kitambaa cha kupangusia vumbi, kikiwa na vumbi lake. Mara ya ishirini alikuwa akijikosoa kabla ya nyundo. Mara ya arobaini alifungwa macho, akapandisha nyuzi zote nne mahali pake bila kukosea hata robo ya mzunguko. Mama Gundi akasema, "Inatosha, nenda nyumbani," na kwa miaka minne tuliyomfahamu, hiyo ni sifa kubwa kuliko zote tulizomsikia akizitoa.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Shangazi alisimama mbele, shaba ikimeremeta. Mkuu alisoma matangazo. Kipisi akapanda kreti, akashika upinde wa kusugulia nyuzi. Ndipo Makamu alipojitokeza, kwa nia njema kabisa, akasema atausikiliza kwanza ule uzi mnene, kwa kuwa yeye ni mtu wa besi. Akaudonoa kwa kidole. Akainamisha kichwa.

"Uko chini kidogo," akasema, na kunyoosha mkono kwenye kigingi.

Haukuwa chini. Lakini baada ya Makamu kuukaza kwa mara ya kwanza, ulikuwa. Akaudonoa tena, akakunja uso, akaukaza zaidi. Ukashuka zaidi. Akakaza kwa mikono miwili. Watu mia sita walimtazama makamu wa mkuu wa shule akihangaika kupandisha uzi, na uzi ukiteremka ngazi moja moja mpaka ukaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Safu ya walimu ilikuwa ikitazama dari. Mkuu alikuwa amejifunika mdomo kwa leso, na mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Kipisi ana haya. Hajawahi kuinua mkono darasani kwa hiari yake. Lakini alisema, na ukumbi mzima ulisikia:

"Samahani, mwalimu. Naomba."

Makamu akamwachia. Kipisi akashika kigingi, akazungusha upande ambao kila mmoja ukumbini alijua ni wa kulegeza. Uzi ukapanda. Akaudonoa, akasikiliza, akazungusha tena, akausikiliza mara ya mwisho huku amefumba macho, akashusha mkono. Kisha akatazama nyuma ya ukumbi, ambako Mama Gundi alikuwa amesimama mlangoni na aproni yake, na nyundo ya mbao mkononi kwa sababu zake mwenyewe.

Tukaimba. Ubeti wa kwanza Shangazi alishika. Ubeti wa pili, pale alipotukimbia mwaka jana, alishika. Ubeti wa tatu wengi wetu tulisahau maneno kwa kumsikiliza yeye. Alimaliza pale pale tulipomaliza, sauti ile ile, na akaendelea kuvuma kidogo peke yake baada ya sisi kunyamaza. Mkuu akatoa kalamu, akaomba orodha, akaipiga namba kumi na sita mstari.

Makamu alimfuata Mama Gundi pale mlangoni, bado amekunja uso.

"Mama, vile vigingi vimekaaje?"

"Vya kisasa vile, Makamu," akajibu. "Vina adabu zake."

Makamu akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyewahi kusikia habari hizo. Tangu siku hiyo amekwisha kuwaeleza walimu wawili kuhusu vigingi vya kisasa. Anasoma wasifu huu kwa mara ya kwanza leo, pamoja nanyi. Tulimwomba Mama Gundi ruhusa ya kuyaandika haya, naye akasema: "Andikeni. Nitakuwa nimeshashika cheti."

Wiki iliyopita alitukabidhi funguo, vivuli vyote vya ukutani vikiwa na vifaa vyake, pamoja na yale madaftari kumi na manne. Tulifungua la mwisho, kuona alivyoiandika kazi ya Jumatano. Tulikuwa na hakika na safu ya Sababu. Makamu aliingia bila hodi, alizungumza nusu saa, mashahidi tupo, na si mara ya kwanza jina lake kuandikwa humo kwa wino. Hata soksi zingeweza kuandikwa. Ukurasa una kazi moja tu, namba 2,307, kwa mwandiko ule ule ulionyooka:

Kasoro: Shangazi, vigingi vinne vinageuka kinyume.

Sababu: fundi.

Dawa: Kipisi.

Tulilifunga daftari, tukalipanga na yale mengine kumi na matatu.

Mama, kwa niaba ya gitaa la kwanza, la mwisho, na lile lililoanguka lenyewe, tunakushukuru kwa miaka thelathini na moja, miezi minne na siku kumi na moja. Tumeamua ni kumi na moja. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana, na mzee mwenye subira, na milango sita tunaiombea kwa namna ya pekee. Siku ukitukumbuka, njoo. Hodi si lazima kwako. Shangazi utamkuta pale pale penye dirisha, na kando yake Kipisi juu ya kreti, akimfundisha mtoto mpya wa kidato cha kwanza kukaza kwa kulegeza, akigonga meza kwa nyundo kila mtoto huyo anapokosea.